Bahasha ya dawa ya presha haisemi yote

Ukitoka dirisha la dawa unaondoka na bahasha ndogo ya karatasi. Juu yake pana jina la dawa lililoandikwa haraka haraka, chini yake hesabu: 1×1. Kwa dawa ya malaria ya siku tatu, maelezo hayo yanaweza kukuvusha. Dawa ya presha utaimeza miaka, pengine maisha yako yote, na katika miaka hiyo utaumwa mgongo, utafunga, utaharisha, utasafiri, utaandikiwa dawa nyingine na daktari asiyeijua ile ya kwanza. Hapo ndipo 1×1 inapokwama.

Tuanze na hesabu yenyewe, maana hata hiyo husomwa vibaya. Kwa kawaida namba ya kwanza ni vidonge na ya pili ni mara kwa siku, kwa hiyo 1×2 ni kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni. Wapo wanaoisoma kinyume, wakameza viwili kwa mpigo. Kwa nifedipini ya miligramu 20 inayotoa dawa polepole, ambayo hupangwa kila baada ya saa 12, kosa hilo linakupa kizunguzungu mchana na kukuacha na dawa kidogo mwilini usiku. Mwombe mtoa dawa aandike saa badala ya hesabu: "kimoja saa 1 asubuhi, kimoja saa 1 usiku." Haimchukui hata nusu dakika.

Kisha geuza stripu. Maduka mengi huuza kwa kukata: unataka vidonge sita, mkasi unapita, unapewa sita. Tarehe ya mwisho wa matumizi na namba ya toleo mara nyingi huchapwa kwenye ukingo mmoja tu, na ukingo huo unaweza kubaki dukani au kukatwa ukaenda na mteja aliyekutangulia. Mwambie akate upande usio na maandishi, kipande chenye tarehe ubaki nacho wewe, au piga picha ya stripu nzima kwa simu kabla mkasi haujapita. Vidonge vikae ndani ya stripu yao mpaka saa ya kumezwa. Nifedipini huharibiwa na mwanga, na takribani zote huharibiwa na unyevu na joto, kwa hiyo bafuni na dashibodi ya gari si mahali pake.

Hesabu nyingine inayowaponza watu: viwanda vingine hupaki vidonge 30, vingine 28. Ukiandikiwa dawa za miezi mitatu ukapewa maboksi matatu ya 28, una dawa ya siku 84, na miezi mitatu ni siku 90 na ushee. Zile siku za mwisho mgonjwa anakaa bila dawa, anafika kliniki presha iko juu, na kadi inaandikwa kwamba dawa haifanyi kazi. Kumbe iliisha tu. Hesabu vidonge siku unayovipokea, uandike kwenye kalenda tarehe ya kumeza cha mwisho, na uende kununua wiki moja kabla ya tarehe hiyo.

Soma mkia wa jina

Majina ya kibiashara hayahesabiki na yanabadilika kila tenda inapobadilika. Jina la kulishika ni la dawa yenyewe, lile la herufi ndogo chini ya jina kubwa, na mkia wake unakutajia ukoo. Ukiona "-dipine", hiyo ni amlodipini, nifedipini na ndugu zao, wanaolegeza mishipa ya damu. "-pril" ni kaptoprili, enalaprili, lisinoprili. "-sartan" ni losartani, telmisartani, valsartani. Koo hizi mbili za mwisho hufanya kazi kwenye mfumo mmoja wa homoni unaoanzia kwenye figo. "-lol" ni atenololi, bisoprololi, propranololi, zinazopunguza kasi ya mapigo ya moyo. Halafu kuna dawa za kukojoza: haidroklorothiazidi, indapamidi, ile ambayo wengi huiita bendro, na furosemidi ambayo inajulikana zaidi kwa jina la Lasix.

Kwa nini ujisumbue? Kwa sababu dada aliye Maskati au London akikutumia boksi la dawa "nzuri ya presha", na hospitali yako ikakupa boksi la jina jingine kabisa, yote mawili yanaweza kuwa amlodipini ya miligramu 10. Ukiyameza pamoja unameza 20, mara mbili ya dozi ya juu kabisa inayoandikwa. Angalia pia herufi inayofuata jina. Kwenye boksi la losartani, H kwa kawaida inamaanisha haidroklorothiazidi imechanganywa humo humo, na AM ni amlodipini. Mtu anayemeza losartani yenye H halafu pembeni ana bendro yake ya zamani anameza dawa mbili za kukojoza bila kujua, na misuli ikimkaza usiku anadhani ni uzee.

Na "-pril" na "-sartan" hazimezwi pamoja. Zikikutana, presha haishuki kwa faida ya maana, ila potasiamu hupanda na figo huumia. Ukibadilishiwa kutoka enalaprili kwenda losartani, enalaprili iliyobaki kabatini irudishe famasi. Usiiweke "kwa ajili ya dharura".

Kupewa aina mbili kwa pamoja hakumaanishi hali yako ni mbaya. Kuongeza dozi ya dawa moja maradufu huongeza kidogo tu kwenye kushusha presha, lakini huongeza maudhi, hasa kwa amlodipini ambayo kwenye miligramu 10 huvimbisha miguu zaidi kuliko kwenye 5. Dawa mbili za koo tofauti kwa dozi ndogo hufanya kazi vizuri zaidi. Utafiti wa CREOLE uliotolewa mwaka 2019, uliofanywa kwa wagonjwa weusi 728 katika nchi sita za Afrika zikiwemo Kenya na Uganda, ulionyesha kwamba amlodipini ikichanganywa na haidroklorothiazidi, au na perindoprili, inashusha presha kuliko perindoprili na haidroklorothiazidi bila amlodipini. Ndiyo maana kadi nyingi za huku zinaanza na amlodipini.

Kipimo kizuri ni kazi ya dawa

Kosa kubwa kuliko yote halihusu kidonge kipi. Mtu anameza wiki sita, anapimwa 128/78, anafurahi, anaacha. Dawa ya presha haiondoi presha kama dawa ya minyoo inavyoondoa minyoo. Inaishikilia chini muda wote iliomo kwenye damu. Ile 128/78 ni kazi ya dawa. Ukiitoa dawa, ndani ya siku au wiki chache presha inarudi ilikokuwa, na kwa kuwa haiumi, hutajua.

Wapo wanaoweza kupunguziwa: aliyepungua uzito sana, aliyekata chumvi kwelikweli, mzee ambaye presha yake imeanza kushuka mno akisimama. Hao hupunguziwa na daktari, hatua kwa hatua, huku wakipimwa. Maneno ya "ukiianza huachi, inakuzoesha" yana nusu ya ukweli: utaendelea nayo kwa sababu ugonjwa unaendelea, si kwa sababu mwili umelewa. Na hofu kwamba vidonge vinaharibu figo imepinduka. Presha yenyewe ndiyo inayoharibu figo kimyakimya, na "-pril" na "-sartan" mara nyingi huandikwa ili kuzilinda, hasa kwa mwenye kisukari.

Kuacha ghafla kuna hatari yake kwa dawa fulani. Atenololi, propranololi na ndugu zao wa "-lol" zikikatwa siku moja, moyo uliokuwa umezuiwa unaruka: mapigo yanakwenda mbio, presha inapanda kupita ilivyokuwa, na mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo anaweza kupata maumivu ya kifua au shambulio la moyo. Hupunguzwa kwa wiki moja au mbili. Klonidini, dawa nyingine ya presha isiyo ya koo hizi, ni kali zaidi kwa tabia hiyo. Kama dawa yako ni mojawapo ya hizi, usisubiri stripu iishe ndipo utafute nauli.

Ukisahau dozi, meza unapokumbuka siku hiyo hiyo. Kwa dawa ya mara moja kwa siku, kama zimepita zaidi ya saa 12, iache, endelea na ya kesho kwa saa yake. Usimeze mbili kufidia. Amlodipini inasamehe zaidi, kwa kuwa huchukua saa 30 hadi 50 kupungua nusu mwilini. Kaptoprili haisamehi; inakwisha haraka, ndiyo maana huandikwa mara mbili au tatu kwa siku, na humezwa saa moja kabla ya chakula.

Nayo saa ya kumeza? Utafiti wa TIME wa Uingereza, uliochapishwa 2022 ukiwa na watu zaidi ya 21,000, haukuona tofauti kati ya wanaomeza asubuhi na wanaomeza usiku kwa upande wa kiharusi, shambulio la moyo na vifo. Chagua saa usiyoisahau: baada ya kupiga mswaki, baada ya taarifa ya habari. Dawa ya kukojoza iwe asubuhi tu, la sivyo utaamka mara tatu usiku, na mzee anayekwenda chooni gizani ndiye anayevunjika nyonga.

Usiihukumu dawa mapema. Amlodipini huhitaji wiki moja au mbili kufika nguvu yake, losartani wiki tatu mpaka sita. Anayepima kila siku na kubadilisha dawa siku ya nne kwa sababu "hii haishiki" anazunguka tu.

Dawa ya maumivu kwenye kabati hilo hilo

Kama ningeruhusiwa kuandika neno moja zaidi kwenye bahasha, lingekuwa diklofenaki. Goti linauma, mgongo unauma, duka liko pale kona, vidonge vinauzwa kama peremende. Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao huzuia figo kutoa chumvi na maji, hivyo presha hupanda, na hupunguza nguvu ya dawa za kukojoza, za "-pril" na za "-sartan". Kuna hata kidonge kimoja chenye diklofenaki na parasetamoli ndani, na mnunuzi anakichukua akijua amenunua parasetamoli. Soma nyuma ya stripu. Ukiona "Diclofenac", kirudishe. Jeli ya kupaka gotini huingia kwenye damu kidogo sana na ni afadhali, ingawa hiyo nayo mweleze daktari kama figo zako zina shida.

Mchanganyiko wa kuogopa hasa ni huu: losartani au enalaprili, pamoja na dawa ya kukojoza, pamoja na diklofenaki. Kila moja inabana mtiririko wa damu kwenye figo kwa njia yake. Ongeza siku mbili za kuharisha au kutapika, maji yamepungua mwilini, na figo zinaweza kusimama kwa siku chache tu. Kwa hiyo ukiharisha au kutapika sana hata maji hayakai, piga simu kliniki siku hiyo hiyo uulize kama dawa ya kukojoza na ile ya "-pril" au "-sartan" zisimamishwe kwa muda mpaka unywe na ule kawaida kwa siku moja au mbili. Ile ya "-lol" usiikate kwa uamuzi wako.

Parasetamoli ya kawaida ndiyo salama zaidi kwa maumivu, isizidi gramu 4 kwa siku kwa mtu mzima, yaani vidonge vinane vya miligramu 500. Ila ile ya kuyeyusha kwenye maji, inayochemka kama soda, imejaa sodiamu: kidonge kimoja huwa na karibu miligramu 400. Vinane kwa siku ni zaidi ya gramu 3, wakati kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa siku nzima ni gramu 2 za sodiamu, sawa na kijiko cha chai cha chumvi kisichojaa kilima.

Na tukiwa kwenye sodiamu: magadi. Watu wanaopunguza chumvi mezani bado wanachemsha maharage na makande kwa magadi, na magadi ni sodiamu tupu kwa umbo jingine. Loweka maharage usiku kucha, yatalainika bila hayo. Papa na ng'onda nao wana chumvi ambayo kuosha mara moja hakuitoi.

Dawa za mafua: tazama boksi kama limeandikwa "Pseudoephedrine" au "Phenylephrine". Hizo hubana mishipa ili pua ifunguke, na hazichagui mishipa ya pua peke yake. Prednisoloni na deksamethasoni, ambazo ni dawa za steroidi, hupandisha presha pia, na baadhi ya vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa kichinichini ni deksamethasoni. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili ni hivyo hivyo. Mwenye presha huelekezwa njia nyingine.

Anayetumia dawa za TB ana jambo lake. Rifampisini hulifanya ini livunje amlodipini, nifedipini na losartani upesi, hivyo presha iliyokuwa imetulia inaweza kupanda bila kosa lolote la mgonjwa. Kinyume chake hutokea siku za mwisho: dozi iliyoongezwa kwa sababu ya rifampisini ikiachwa vilevile baada ya TB kuisha, presha inashuka kupita kiasi. Upande wa ARV, zile zenye ritonaviri huongeza amlodipini mwilini. Kliniki ya TB, ya ARV na ya presha mara nyingi ni milango mitatu isiyosemezana, kwa hiyo beba dawa zote kwenye mfuko mmoja kila unapokwenda popote.

Kitunguu saumu na choya vinashusha presha kidogo. Havina ubaya jikoni. Ubaya ni kuviweka mahali pa kidonge, au kunywa chupa za dawa ya asili usizojua kilichomo huku unaendelea na vidonge vitatu.

Maudhi yanayotafsiriwa vibaya

Kikohozi kikavu cha kukera koo, kisicho na makohozi wala homa, kinachoanza wiki au miezi baada ya kuanza kaptoprili, enalaprili au lisinoprili. Wagonjwa hupewa antibayotiki mara mbili, hupimwa makohozi, huacha kulala chumba kimoja na wenzao. Ni dawa. Ikibadilishwa kuwa losartani, kikohozi huisha kwa kawaida ndani ya wiki nne, mara chache hufika miezi mitatu.

Ukoo huo huo wa "-pril" una jambo la hatari zaidi, nalo huwapata watu weusi zaidi kuliko wengine: mdomo, ulimi au uso kuvimba ghafla. Linaweza kutokea siku ya kwanza au baada ya miaka. Usimeze tena, nenda hospitali saa hiyo, maana koo linaweza kuziba. Baada ya hapo dawa yoyote yenye mkia "-pril" hairudiwi kamwe, na iandikwe kwenye kadi kwa wino mwekundu.

Amlodipini huvimbisha vifundo vya miguu, hasa jioni. Kinachotokea ni kwamba mishipa midogo imelegea na maji yanavuja kuelekea chini. Mwili haujajaa maji. Kwa hiyo Lasix haitibu uvimbe huo. Mgonjwa anaongezewa Lasix, potasiamu inashuka, misuli inakaza, anaongezewa kidonge cha tatu. Afadhali dozi ishushwe, au iongezwe "-pril" au "-sartan" ambayo hupunguza uvimbe wenyewe. Lakini uvimbe unaokuja pamoja na kuhema ukilala chali, au wa mguu mmoja tu wenye maumivu, ni habari nyingine. Huo ni wa hospitali.

Dawa za kukojoza zinaweza kushusha potasiamu na sodiamu na kuamsha gauti, yale maumivu makali ya viungo. Mzee aliyeanza kuchanganyikiwa wiki chache baada ya kuanza haidroklorothiazidi apimwe sodiamu kabla hajaitwa mwenye kusahau. Kwa "-pril" na "-sartan", kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo) na potasiamu hupimwa kabla ya kuanza na tena wiki moja au mbili baadaye, na kila dozi inapoongezwa. Kreatinini ikipanda kidogo, mpaka asilimia 30, kwa kawaida dawa haiachwi. Mwenye figo dhaifu anayetumia dawa hizi, au spironolaktoni (dawa ya kukojoza inayobakiza potasiamu mwilini), awe mwangalifu na dafu, lina potasiamu nyingi, na zaidi na chumvi mbadala iliyotengenezwa kwa potasiamu. Mwenye figo nzima anywe dafu lake kwa kiasi.

Wanaume wengi huacha dawa kimya kimya kwa sababu ya chumbani. Dawa za kukojoza na baadhi ya "-lol" zinaweza kupunguza nguvu, na presha yenyewe pia. Ukisema, utabadilishiwa, losartani na amlodipini hazina sifa hiyo sana. Usiposema, utaishia kwenye "mitishamba" ya nguvu za kiume, ambayo baadhi imekutwa na sildenafili, dawa iliyomo kwenye Viagra, ndani. Sildenafili na dawa za nitreti za maumivu ya kifua zikikutana, presha inaweza kuporomoka mpaka kifo.

Mwanamke anayepanga kupata mtoto aseme mapema. Dawa za "-pril" na "-sartan" huharibu figo za mtoto tumboni. Ukijikuta mjamzito ukiwa nazo, nenda kliniki siku hiyo ubadilishiwe. Zinazotumika ni metildopa, ambayo wakunga wengi huiita Aldomet, nifedipini ya kutoa polepole, au labetaloli. Usikate tu ukakaa bila chochote, presha ya mimba haingoji.

Mwenye kufunga Ramadhani aongee na daktari wiki mbili kabla. Dawa ya mara moja kwa siku huhamia futari au daku bila shida. Kaptoprili ya mara tatu hubadilishwa. Dawa ya kukojoza kwenye joto la pwani na siku nzima bila maji ndiyo ya kujadiliwa kwanza.

Namba ya kuaminika, na namba ya kukimbia nayo

Mashine ya mkono wa juu, si ya kifundo cha mkono. Kaa dakika tano, mgongo umeegemea, nyayo sakafuni, miguu haijapishana, kibofu kitupu, nusu saa bila kahawa wala sigara, mdomo umefungwa. Mkono ulale mezani usawa wa moyo. Ukining'inia sentimita 10 chini yake, kipimo hupanda karibu 8. Mkanda uwe juu ya ngozi na ulingane na mkono: utafiti wa Marekani wa 2023 ulikuta kwamba mkanda wa kawaida kwa anayehitaji mkubwa huongeza karibu 5, na kwa anayehitaji mkubwa zaidi huongeza karibu 20. Mtu anaweza kuongezewa dawa kwa sababu ya kitambaa.

Pima mara mbili asubuhi kabla ya kidonge na mara mbili jioni, kwa siku saba, uache siku ya kwanza, utafute wastani. Nyumbani, 135/85 na zaidi ni juu.

Ukiona 180/120 au zaidi, na huna dalili yoyote, kaa, pumzika, rudia baada ya dakika chache, jiulize kama umemeza dozi ya leo. Ikibaki hapo, onana na daktari siku hiyo au kesho yake. Usitoboe kidonge laini cha nifedipini chini ya ulimi, wala usitafune ile ya kutoa polepole. Presha ikiporomoka kwa dakika, ubongo na moyo hukosa damu, na watu wamepata kiharusi kwa tiba hiyo. Lakini namba hiyo ikija na maumivu ya kifua, kuhema, kuona ukungu, kuchanganyikiwa, mdomo kwenda upande au mkono kukosa nguvu, tafuta gari. Na mwenye dalili za kiharusi asipewe kidonge wala maji mdomoni. Anaweza kupaliwa, na kushusha presha yake si kazi ya kufanyiwa nyumbani.

Mwisho ni asubuhi ya kliniki. Watu huamka saa 11 wawahi foleni, hawajala, na kwa kuwa wameambiwa dawa humezwa baada ya kula, hawamezi. Wanapimwa saa 5, saa 28 baada ya kidonge cha jana, wamechoka na wana njaa. Daktari anaona 168/100, anaongeza dozi, na mgonjwa anaimeza nyumbani kila siku, juu ya dozi ambayo ilikuwa inatosha. Wiki ya pili anaanguka akitoka chooni. Amlodipini, losartani, enalaprili na haidroklorothiazidi hazihitaji chakula. Meza kwa maji kabla ya kutoka, hata kama unakwenda kutolewa damu ya kupima sukari na mafuta bila kula. Ila kama unatumia dawa za sukari, hizo ulizia kwanza. Kama umesahau, mwambie nesi kabla hajafunga mkanda, aandike kwenye kadi: "leo hajameza."